Mtoto Anapovunjika Mfupa Kituoni

Mazungumzo yetu na wazazi na walezi wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoa wa Kagera



Tunajua wapo akina mama waliofunga meza zao sokoni ili wafike hapa, kwa hiyo tutalisema lililotuleta bila kuzunguka. Watoto wadogo huvunjika mifupa katika mambo madogo ya kila siku, na mara nyingi madhara makubwa hayaletwi na mwanguko wenyewe, bali na saa zinazopita kabla mtu mzima hajasema kilichotokea.

Mama mmoja alituruhusu kusimulia habari ya mwanawe kwa sharti kwamba tusitaje kijiji wala kituo. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu. Jioni mama alimkuta ametulia kuliko kawaida yake, mkono wa kushoto ameulaza tumboni. Alipouliza, aliambiwa kwamba mtoto amechoka, hakulala mchana. Usiku mtoto alilia kila alipogeuka, na asubuhi kiwiko kilikuwa kimevimba. Bibi yake, kwa nia njema kabisa, alikikanda kwa maji ya moto. Kisha akaitwa mzee mmoja anayeunga mifupa, naye akafunga vijiti kwa kitambaa na kukaza. Siku ya tatu vidole vilikuwa vya baridi na mtoto hakuweza kuvinyoosha. Ni hospitalini, mbele ya daktari, ambapo mlezi alisema kweli: mtoto alikuwa amesimama juu ya benchi, akaanguka, akajikinga kwa mkono. Mlezi aliona. Alimfuta machozi, kisha akaogopa kufukuzwa kazi.

Mkono uliokolewa, lakini vidole viwili havinyooki sawasawa mpaka leo. Benchi lile halikuzidi kimo cha goti la mtu mzima.

Tueleze kwanza kwa nini mwanguko mfupi namna hiyo unaweza kuvunja mfupa. Mfupa wa mtoto ni laini kuliko wetu. Ukivunja kijiti kikavu hukatika vipande viwili, lakini kijiti kibichi hupinda, kikapasuka upande mmoja na kushikilia upande wa pili. Ndivyo unavyofanya mfupa wa mtoto mara nyingi, na wakati mwingine hujikunja tu kama bati lililogongwa. Kwa nje huenda usione mkono uliopinda. Mtoto anaweza hata kuvichezesha vidole. Ile kanuni ya vijiweni kwamba "kama anauchezesha, haujavunjika" si kweli, na tungependa iishie hapa leo.

Tena, karibu na viungo mfupa wa mtoto una tabaka la gegedu ambalo ndilo hukuza mfupa. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano zinazoshika kiungo. Pigo ambalo kwa mtu mzima lingetegua kiungo, kwa mtoto laweza kuvunja mahali pa kukulia. Kwa sababu hiyo neno "ameteguka tu" halifai kutamkwa kabla mtoto hajapimwa na mtaalamu.

Kiwiko kinahitaji maneno zaidi. Mtoto aangukapo hunyoosha mkono mbele ili ajikinge, na nguvu yote ya mwili wake hupanda hadi juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mfupa ni mwembamba. Mbele ya mahali hapo hupita mshipa mkubwa wa damu na neva zinazohudumia kiganja. Mfupa ukikatika, uvimbe hujaa upesi. Ukifunga kitambaa kilichokazwa juu ya uvimbe huo, damu hukosa njia. Daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza mwaka 1881 jinsi misuli ya mkono iliyokosa damu inavyokufa na kusinyaa, vidole vikabaki vimekunjwa. Jambo hilo halingoji siku tatu. Misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Hatusemi hivi kuwadharau wazee wanaounga mifupa, ambao wengi wao wamewasaidia watu mahali ambapo hapakuwa na hospitali. Tunasema kwamba kiwiko cha mtoto kilichovimba si kazi ya vijiti na kamba.

Mifupa mingine ina habari za heri zaidi. Mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaofika begani, huvunjika mtoto anapoangukia bega, na kwa kawaida huunga vizuri kwa kuning'iniza mkono shingoni. Mikono huvunjika karibu na kifundo. Vidole hubanwa na milango na mageti ya chuma, hasa upande wa bawaba ambao hakuna autazamaye.

Muundi wa mguu huwapotosha wengi. Mtoto aliyeanza kutembea karibuni hujikwaa, mguu ukazunguka, naye akaanguka pale pale alipokuwa amesimama. Kesho yake anakataa kukanyaga. Hakuna uvimbe wa maana wala jeraha. Mwaka 1964 madaktari wa Kanada walieleza mvunjiko huu, ambao ufa wake ni mwembamba kiasi kwamba picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza isiuonyeshe. Huonekana baada ya siku kama kumi, mfupa unapoanza kuunga. Mtoto anayechechemea bila sababu arudishwe hospitalini hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi. Mguu huo huo huvunjika pia kwa njia ambayo mtu mzima hudhani ni ya usalama: kumpakata mtoto na kuteleza naye kwenye mtelezo. Kiatu cha mtoto hunasa pembeni, na uzito wa mtu mzima ukaendelea kushuka. Mtoto ateleze peke yake, au asiteleze.

Lipo na lile la kumvuta mtoto kwa mkono mmoja ili avuke tope. Hilo kwa kawaida halivunji mfupa, bali huteleza kichwa cha mfupa kwenye kiwiko, mtoto akauacha mkono ukining'inia. Mtaalamu hulirekebisha kwa dakika moja. Mvua za masika zinapoteremka kwenye vilima vya Ngara na udongo mwekundu ukawa kama sabuni, watoto wengi huvutwa hivyo, nasi sote tumewahi kuvuta.

Sasa tuviangalie vituo vyenyewe. Vingi vimepangishwa katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya maduka, zenye baraza iliyoinuka na isiyo na kizuizi. Bembea huchomelewa na fundi wa hapa hapa, jambo ambalo hatulikatai, lakini husimikwa juu ya udongo ulioshindiliwa na miguu ya watoto ukawa mgumu kama sakafu. Nyasi hazitoshi kupokea mwanguko. Mchanga uliolegea wenye kina cha sentimita 30 husaidia sana, nao hauna budi kutifuliwa mara kwa mara, kwa maana hushikamana. Matairi makuukuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi hupatikana kwa urahisi Lusahunga, Nyakanazi na Rusumo. Yakizikwa nusu huwa mchezo mzuri usio na kimo. Nguzo za goli la mpira zisizofukiwa ardhini ziondolewe leo, maana mtoto huning'inia, nazo humwangukia. Kuhusu vigari vyenye magurudumu vya kujifunzia kutembea, Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka navyo kwenye ngazi. Kituo chenye baraza hakina sababu ya kuwa nacho.

Mtusikilize vizuri hapa, kwa sababu tumekwisha kueleweka vibaya mahali pengine. Hatutaki watoto wakalishwe mkekani kutwa nzima. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inatambua kucheza kuwa ni haki. Mtoto atapanda, ataruka, na baadhi yao wataanguka hata katika kituo kilicho bora.

Akianguka na mkono au mguu ukamuuma, msiukande, msiuvute wala msiupake dawa ya kuchua. Uacheni ulivyokaa, uwekeeni gango la boksi gumu lililokunjwa na kufungwa kwa kanga bila kukaza, kisha muutazame mara kwa mara: vidole viwe na joto, viwe na rangi yake, na mtoto ahisi mnapovigusa. Vikiwa baridi au vikipauka, legezeni kitambaa papo hapo na muende haraka zaidi. Msimpe chakula, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi. Mfupa uliotoboa ngozi ufunikwe kwa kitambaa safi bila kurudishwa ndani. Zahanati inaweza kumtuliza maumivu, lakini picha hupigwa hospitalini: Nyamiaga, Murgwanza au Rulenge kwa walio Ngara, na hospitali ya Biharamulo mjini kwa walio huko. Akirudi na hogo, dalili zile zile za vidole ziangaliwe usiku wa kwanza. Hogo linaloliza mtoto mfululizo limebana, hata kama limefungwa na daktari.

Mpigieni mzazi simu kabla hamjaondoka kituoni. Simu hiyo ndiyo iliyokosekana kwa yule mtoto wa benchi.

Tumejiuliza kwa nini mlezi hunyamaza, na jibu letu linawaelemea wamiliki zaidi kuliko yeye. Msichana anayelea watoto wengi peke yake, kwa ujira mdogo, akijua kwamba wa kwanza kuanguka atamfukuzisha, amefundishwa kunyamaza. Mmiliki aandike, na mzazi atie saini, kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kutoa taarifa ya ajali, bali kwa kuificha. Nanyi wazazi mliozoea kufika kwa ukali, mnaongeza ukimya huo.

Mzazi anayelipa ada ni mtumiaji wa huduma, naye ana haki ya kuuliza. Aombe kuona cheti cha usajili wa kituo. Aulize watoto ni wangapi na walezi ni wangapi, aione baraza na uwanja kwa macho yake, kisha aombe daftari la matukio. Daftari tupu la mwaka mzima lisimfurahishe. Watoto huanguka kila wiki, na daftari lisilo na mwanguko hata mmoja halijaandikwa.

Hospitalini mtaulizwa mtoto aliangukaje, pengine mara mbili na na watu tofauti. Msione mnashutumiwa. Daktari hulinganisha maelezo na mfupa. Mtoto mchanga ambaye hajaanza kutambaa si rahisi avunjike paja peke yake, na maelezo yanayobadilika kila yanaporudiwa humtia shaka, kwa haki kabisa. Mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa anatakiwa na Sheria hiyo ya 2009 kuzifikisha kwa serikali za mitaa, yaani kwa mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo.

Ukurasa wa mfano wa daftari umewekwa mwishoni mwa kijitabu hiki. Una nafasi ya tarehe, saa, mahali, kimo alichoangukia mtoto, aliyeona, na saa mzazi alipopigiwa simu. Wamiliki waliokaa mbele tunaomba mchukue nakala mbili mbili, moja ya kituo na moja ya kubandika mlangoni, kisha tutapokea maswali yenu.