Barua ya Avenue Kaniama



Wiki iliyopita niliingia kwenye kibanda cha kijana mmoja anayepakia nyimbo kwenye kadi za simu. Motari wawili walikuwa mbele yangu. Zamu yangu ilipofika nikamwambia: nitafutie Baloji. Mkono wake ukasimama.

“Papa, baloji? Watu wa uchawi?”

Motari mmoja akageuka kunitazama vizuri.

Sikumlaumu yule kijana. Katika Kiswahili chetu cha Kongo muloji ni mchawi, na wakiwa wengi ni baloji. Lakini niliyekuwa namtafuta ni mtu mmoja, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, mama Mkongo, baba Mbelgiji. Mwenyewe amekuwa akieleza kwamba zamani jina hilo lilikuwa la mtu mwenye elimu, na kwamba ni enzi za ukoloni zilizoligeuza kuwa la kutisha. Hakulibadilisha. Mwaka 2023 alitoa filamu, Augure, kuhusu mtu anayerudi nyumbani Kongo ambako jamaa zake humwona kama mchawi, nayo ikapewa tuzo Cannes.

Leo hapa redioni nataka tuzungumzie albamu yake ya mwaka 2018, 137 Avenue Kaniama, iliyotolewa na kampuni ya Bella Union ya London. Ni kazi ndefu, ya zaidi ya saa moja. Kwenye santuri inakula sahani mbili. Sisi Wakongo albamu mbili kwa mpigo si jambo geni. Werrason alitupa Kibuisa Mpimpa mwaka 2001, Koffi Olomide akatupa Effrakata mwaka huohuo, na Fally Ipupa akatoa Control, nyimbo 30, mwaka uleule wa Baloji. Kijana wa kibanda alikuwa nazo zote tatu. Ukubwa wa kazi hizo unatokana na kutaka kila nyumba ipate wimbo wake: wa harusi, wa kucheza, wa kumlilia mpenzi. Ya Baloji haiwezi kugawanywa hivyo. Nyimbo zake kadhaa zina majina mawili, na unaposikiliza unaelewa sababu: unaingia kwa mlango mmoja, ukiwa ndani chumba kinabadilika. L’Hiver Indien inakuchezesha kwa gitaa jepesi, halafu baada ya muda unajikuta umekaa kimya, umeinamisha kichwa.

Wahakiki wa Ulaya waliipokea vizuri, na wengi waliusifu mchanganyiko: rumba, rap, ngoma za kompyuta, gitaa la Kongo, vyote pamoja. Hawakusema uongo. Lakini naona walisimama mlangoni. Mtu wa Brussels au London anaweza kuushangaa mchanganyiko huo. Mtu wa Butembo, ambaye Jumapili moja tu, kwenye barabara moja, anasikia kwaya, rumba, rap na nyimbo za Kampala zikigombania hewa, amezaliwa ndani yake. Hapo sipo mahali pa kuanzia.

Mimi ningeanza na namba ile: 137. Ni anwani ya mama yake Lubumbashi. Baloji alichukuliwa na baba yake akiwa mtoto mdogo, akapelekwa Ubelgiji, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuwa na mawasiliano na mama. Siku moja, akiwa tayari mtu mzima na rapa aliyejulikana akiwa na kundi la Starflam, ikamfikia barua. Ilikuwa ya mama. Albamu yake ya kwanza ya peke yake, Hotel Impala, aliitengeneza kama jibu la barua ile. Miaka mingi baadaye akairudia anwani na kuiandika juu ya kazi yake kubwa kuliko zote.

Nani atamweleza mtu wa Beni uzito wa jambo hilo? Tangu Oktoba 2014 huko watu wanauawa na kukimbia, kutoka Eringeti, kutoka Mbau, kutoka Kamango. Hapa Butembo kuna nyumba zenye watoto ambao ukiwauliza wanakaa wapi, wanakutajia jina la shangazi, si la mtaa. Kuna kina mama wanaoshika simu wakipiga namba ileile iliyozimwa miaka mitatu.

Na mwaka ule wa 2018 hatukuwa na masikio ya muziki mgumu. Tarehe 1 Agosti Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina. Tulikuwa tukipimwa joto kwenye vizuizi na kunawa mikono kabla ya kuingia kila mahali, na kufikia Juni 2020 ugonjwa ulikuwa umetuondolea watu 2,287. Kwa hiyo nikisema hatukuihakiki albamu hii, simlaumu mtu. Nasema tu kwamba deni bado lipo.

Nami nalipa sehemu yangu, pamoja na lawama. Baloji anarundika maneno, na Kifaransa ndicho kinachotawala. Ni Kifaransa cha mtu aliyesoma sana kamusi, kinachopita mbio. Mama wa mtaa wa Katuba, Lubumbashi, angehitaji mkalimani ili aelewe kilichosemwa na mwana. Hilo linaniuma, maana huyuhuyu ndiye aliyekwisha kutupa wimbo Siku ya Baadaye, na Karibu ya Bintou aliouimba pamoja na kundi la Konono N°1. Kiswahili anacho mkononi. Tena urefu: kuna mahali katikati ambapo ningekata bila kujuta.

Lakini kuna wimbo mmoja ambao singeugusa. Nusu ya jina lake ni Inconnu à cette adresse, “hajulikani katika anwani hii”, maneno yale ambayo posta huandika juu ya bahasha inayorudishwa. Humo anaongea zaidi ya kuimba, kama mtu aliyefika uani kwa mama yake na hajakaribishwa kukaa.

Yule kijana hakuwa nao. Niliupata kwingine, na fundi wa mitambo ameshauweka tayari. Ni mrefu kuliko nyimbo tunazozipiga saa hii, lakini leo hatutaukata. Baada yake nitasoma kwa Kiswahili yale anayoyasema, mstari kwa mstari, kwa mama yeyote anayesikiliza.

Fundi, tafadhali.