Picha ya Chakula Isimdanganye Mteja

Maneno ya afisa wetu wa habari kwa wauzaji wa vyakula mjini Mombasa.



Siku hizi mteja hukiona chakula kwenye WhatsApp kabla hajasikia harufu yake. Akiona mbaazi zina rangi ya tope, haagizi, hata kama tui limekolea. Kwa hivyo tuanze na mwanga.

Zimeni flashi ya simu. Humulika kutoka mbele, mafuta yakametameta na sahani ikaonekana bapa. Taa ya manjano ya jikoni nayo huufanya wali wa nazi uonekane umetiwa bizari. Pelekeni sahani mlangoni au dirishani, mwanga uipige ubavuni. Upande wenye kivuli simamisheni karatasi nyeupe. Itarudisha mwanga, na haina gharama. Huku kwetu jua la saa sita liko utosini, basi pigeni asubuhi, au ndani ya kivuli cha makuti.

Futeni lenzi kwanza. Simu inayoshinda kando ya karai hupiga picha zenye ukungu, halafu tunalaumu simu.

Mahamri na mbaazi, piga kutoka juu. Samaki wa kupaka, inama kidogo, simu iwe usawa wa macho ya mtu aliyeketi kula. Usikuze picha kwa vidole, sogea karibu. Chupa ya sabuni na kitambaa cha maua viondoke.

Sasa neno gumu. Wapo wanaochukua biriani ya mtu mwingine mtandaoni wakaiita yao. Wengine hupiga sahani ya watu wawili, wakaandika bei ya mmoja. Huo si ujanja wa biashara. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza kumpa mteja maelezo ya uongo, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu anachonunua. Weka kikombe cha chai kando ya sahani, kipimo kitajulikana. Rangi nazo msizikoleze kupita kiasi: achari ikizidi wekundu, mteja atauliza mmetia nini.

Wali hukauka juu upesi, kwa hivyo tayarisheni mahali kabla ya kupakua. Meza iko pale dirishani. Tuanze na mahamri.