NENO LA TAWI: UCHUNGUZI WA SARATANI

Ndugu wanachama, tulisema kikaoni, tunarudia kwa wasiofika. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, ya matiti inafuata. Mwenzetu tuliyemzika alitokwa damu miezi mingi, akadhani ni umri.

Kipimo hakina kisu. Nesi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, dakika chache jibu liko tayari, na dalili za awali hutibiwa kabla hazijawa saratani. Matiti hukaguliwa kwa mkono.

Akina mama wa Soko la Kilombero, wa kuwashikia meza tutamtafuta sisi. Akina baba, msiulize "kwani unaumwa?" Toeni nauli ya Hospitali ya Mount Meru. Majina apewe katibu.