MLANGO UNAOFUNGUKA WENYEWE: ASKARI ASILAUMIWE KABLA FUNDI HAJATAZAMA

(Hotuba kwa wanachama wa Kisii na Nyamira walio katika kazi za gereji, maduka na ulinzi)



Leo sikuja kusema habari za mishahara. Nimekuja kusema habari za mlango wa gereji. Siku hizi katika mji wa Kisii, na Keroka, na Nyamira, iko milango ya gereji na ya bohari isiyovutwa kwa mkono. Juu yake ina mota ya stima, na tajiri huufungua kwa rimoti akiwa ndani ya gari lake. Ni jambo jema. Lakini mlango wa namna hii una ugonjwa mmoja: huweza kufunguka saa nane za usiku bila mtu kuugusa. Asubuhi spana hazipo, betri za magari hazipo, na wa kwanza kuulizwa ni askari wa usiku. Akisema mlango umefunguka wenyewe, watu humcheka.

Ndugu zangu, neno lake laweza kuwa kweli. Wala si uchawi. Iko sababu, na sababu hutafutwa moja moja mpaka ipatikane.

Kwanza, usalama. Mlango ukianza tabia hii, usiku zima stima ya mota, kisha tia komeo na kufuli. Usitie komeo huku stima inawaka, maana mota ikiamka itavuta mpaka ivunje mlango au iungue yenyewe. Na mtu yeyote asisimame wala kupita chini ya mlango huo mpaka utengenezwe.

Pili, uliza: mota ililia au haikulia? Kama mlango ulipanda kimya, mota haina hatia. Huenda springi zimekazwa kupita kiasi na breki ya mota imelegea, basi springi huuinua mlango. Hapo mwite fundi wa milango. Springi imebeba uzito wa mlango mzima; ikifyatuka huvunja mkono. Asiyejua kazi hiyo asiiguse.

Kama mota ililia, basi ilipata amri. Nani aliitoa? Tazama mambo haya.

1. Rimoti. Kitufe chaweza kukwama kwa uchafu, au kubonyezwa mfukoni mtu akijigeuza kitandani. Kusanya rimoti zote, pamoja na ya tajiri na ya karani, utoe betri zake, usiku ule ulinzi uongezwe. Mlango ukifunguka tena, rimoti hizo zimeachiliwa.

2. Rimoti ya mtu mwingine. Rimoti za zamani zina swichi ndogo ndogo ndani. Zenye swichi 8 zina mipango 256 tu, na watu wengi huziacha kama zilivyotoka kiwandani. Jirani mwenye rimoti ya namna hiyo akifungua mlango wake, hufungua na wako. Vile vile rimoti iliyopotea, au iliyobaki kwa mtu aliyeacha kazi, bado ni ufunguo. Dawa yake: fundi afute rimoti zote katika mashine, kisha aingize zile tu zinazojulikana ziko kwa nani. Kama mashine ni ya zamani, iwekwe ya kisasa ambayo alama yake hubadilika kila inapobonyezwa.

3. Kitufe cha ukutani. Waya zake mbili zikigusana ni sawa na mtu kubonyeza. Panya hutafuna waya, na kwetu Gusii mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Maji huingia ndani ya kitufe. Fundi azime stima, azitoe waya hizo kwenye mota, kisha mlango uangaliwe usiku mmoja. Ukitulia, mkosaji amepatikana.

4. Stima kukatika na kurudi. Mashine nyingine, stima inaporudi, hujiona imepewa amri. Jaribio ni rahisi: mchana, watu wakiwa mbali na mlango, zima stima dakika moja, uwashe. Fanya mara tano. Na radi zetu mnazijua. Radi huharibu kibao cha stima ndani ya mashine hata bila kuiua kabisa. Kibao kikiwa kibovu kibadilishwe, na mashine iwekewe kinga ya umeme.

5. Mlango kushuka kisha kupanda tena. Tajiri amebonyeza, ameuona ukishuka, ameondoka. Lakini mlango umegusa sakafu kabla ya kipimo chake, mashine ikadhani umemgonga mtu, ikaurudisha juu. Au jicho la usalama lina vumbi na utando wa buibui. Basi kila mtu angoje mpaka mlango ufungwe kabisa.

Sasa, ndugu askari, sikieni neno la kitabu. Kila mlango ukifunguka, andika: saa ngapi, mota ililia au la, mvua ilikuwapo, stima ilikatika, rimoti zilikuwa kwa nani. Mwarifu msimamizi siku ile ile, aweke sahihi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakuamuru kutoa habari za hatari kubwa, na yamkataza tajiri kukufukuza kwa sababu tu umelalamika juu ya hatari.

Na lawama zikija, jueni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Fungu la 19 halimruhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyopotea ila kama mfanya kazi aliacha wajibu wake kwa kusudi. Fungu la 41 lasema kwamba, kabla ya kufukuzwa kwa kosa, mtu aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na aweza kuwa na mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama mahali pa kazi. Usiende peke yako. Nenda na kitabu chako na mwakilishi wako.

Sisemi kwamba kila askari hana kosa. Mwizi akiwa kati yetu, na ajibu. Lakini mlango uchunguzwe kwanza, na mafundi walio wanachama wasaidie kuuchunguza. Fundi na askari wakisimama pamoja, hakuna atakayefukuzwa kwa kosa la waya.

Umoja ni nguvu.