Amri ya Darajani na Nyumba Inayojizuia Kutikisika



Kila askari hufundishwa kwamba kikosi kikifika darajani huacha mwendo wa kwata, na kila mtu huenda kwa hatua zake. Wengi huitii amri hiyo bila ya kujua chanzo chake. Tarehe 12 Aprili 1831, askari 74 wa Uingereza walikuwa wakivuka daraja la kuning'inia la Broughton, karibu na Manchester. Waliona daraja linanesa kwa kufuata miguu yao. Wakafurahi, wakazidi kukanyaga kwa pamoja. Daraja likaporomoka, na watu wapatao 20 wakaumia.

Sababu yake ni hii. Kila kilichojengwa, kiwe daraja au ghorofa, kina mwendo wake wa kuyumba. Msukumo mdogo ukirudiwa sawasawa na mwendo huo, kuyumba huongezeka, kama vile bembea inavyopanda juu kwa mkono wa mtoto. Upepo na tetemeko la ardhi huweza kulitenda ghorofa yale ambayo miguu ya askari ililitenda daraja.

Wahandisi wameitafutia hali hiyo dawa. Mwaka 1972 James Yao, huko Marekani, alieleza wazo la kulifanya jengo lijizuie lenyewe. Mwaka 1989 wazo hilo lilitimizwa mjini Tokyo, katika jengo jembamba la ghorofa 11 lililoitwa Kyobashi Seiwa. Juu yake viliwekwa vyuma viwili vizito, kimoja cha tani zipatazo 4 na kingine cha tani 1. Vipimo huhisi mtikisiko, kompyuta hupiga hesabu, na mitambo huvisukuma vyuma hivyo ili nguvu yake ipingane na kuyumba kwa jengo. Kazi hiyo hufanyika papo hapo, tena bila ya kusubiri amri ya mtu.

Hata hivyo, mitambo hiyo ilikusudiwa upepo mkali na matetemeko ya kiasi. Tena huhitaji umeme, na tetemeko kubwa huweza kukata umeme saa ile ile unapohitajiwa. Kwa hiyo ngome ya mwisho ya jengo hubaki kuwa nguzo zake na kuta zake.

Je, mambo hayo yatuhusu sisi? Yatuhusu sana. Tarehe 5 Desemba 2005 ardhi ilitetemeka katika Ziwa Tanganyika kwa kipimo cha 6.8. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 liliupiga mji wa Bukoba, katika mkoa ule ule wa Kagera unaopakana nasi pale Kobero. Watu wasiopungua 16 walifariki, na shule ya sekondari ya Ihungo ikaharibika hata ikafungwa. Waliokufa hawakuangukiwa na majumba marefu kama ya Tokyo. Walioumia zaidi ni wenye nyumba za matofali na udongo, zisizo na linta ya kuzishika kuta pamoja.

Tangu mwaka 2019 Gitega ni makao makuu ya kisiasa ya nchi yetu. Mji ukikua, majengo nayo hupanda juu. Ni halali kuitamani elimu ya Tokyo, na vijana wetu waisome. Lakini tukumbuke pia daraja la Angers, nchini Ufaransa, tarehe 16 Aprili 1850. Siku hiyo askari walikuwa wameamriwa kuacha mwendo wa kwata. Hata hivyo daraja lilianguka, wakafa zaidi ya 200. Palikuwa na dhoruba, na kamba zake za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu mahali pasipoonekana.

Ndugu askari, mtambo humsaidia aliye imara. Ukuta uliooza hauponi kwa mtambo. Bweni au kituo kinapojengwa, msimamizi na ahakikishe kwamba saruji haikupunjwa, nondo hazikuibwa, na linta imezunguka nyumba nzima. Mwenye kuona ufa na atoe taarifa siku ile ile, kwani siku ya tetemeko nyinyi ndio mtakaoitwa kufukua vifusi. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.