Taa Zianze Wapi?



Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo: fedha zikipatikana za kuweka taa katika eneo moja tu la wazi la mji, tuanze wapi? Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliuambia mkutano wa TANU kwamba kupanga ni kuchagua. Taa nazo ni uchaguzi. Tunapoangaza mahali pamoja, tumeamua pia nani aendelee kupapasa gizani.

Nchi yetu iko karibu na Ikweta, na jioni zake ni fupi. Mjini Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima, na giza huingia upesi. Saa hizo ndizo za mfanyakazi kurudi nyumbani, muuguzi kwenda zamu ya usiku, na mama lishe kufunga vyombo vyake.

Mara nyingi fikira zetu hukimbilia mahali panapopigwa picha, kama vile Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Uzuri haudharauliwi. Lakini swali la kutangulia ni hili: nani hupita hapa usiku kwa miguu, anatoka wapi, anakwenda wapi?

Kwa swali hilo mimi ningechagua Viwanja vya Mnazi Mmoja. Wakoloni waliacha uwazi huo makusudi, ili uwatenge Waafrika wa Kariakoo na sehemu za mji walizokaa Wahindi na Wazungu. Leo upande mmoja ni Mtaa wa Lumumba, upande wa pili Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mahali palipotengwa ili watu wasichangamane pamekuwa njia yao. Hapo pia umesimama Mnara wa Mwenge, ukumbusho wa mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1961. Kuangaza mnara huo na kuviacha vijia vyake gizani kungekuwa kuheshimu jiwe na kumsahau mwananchi.

Mahali pakishachaguliwa, kazi ifanywe kwa akili. Taa moja kali juu ya mlingoti mrefu humpofusha mpita njia na kuzidisha weusi wa kivuli chini ya miti. Taa nyingi za kiasi, zilizowekwa chini ya matawi, humwezesha mtu kuutambua uso wa anayemjia, na huo ndio usalama wenyewe. Taa za sodiamu hufanya kila kitu kionekane rangi ya chungwa. Taa za LED huonyesha rangi vizuri zaidi, na mara nyingi hupunguza matumizi ya umeme karibu kwa nusu.

Mfano tunao Unguja. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa tena mwaka 2009 baada ya ukarabati mkubwa uliohusu pia taa. Watu walikuwa wakikusanyika pale usiku kula pweza na mishikaki tangu zamani. Taa ziliwafuata walipo. Lakini kuanzia Desemba mwaka huo huo kisiwa kizima kilikosa umeme kwa muda wa miezi mitatu. Fundisho ni kwamba bajeti ya taa isiishie siku ya ufunguzi. Iwe na fungu la umeme, la vipuri na la fundi.

Najua watauliza: vitongoji vingine havina umeme, mbona tuzungumzie viwanja vya mjini? Swali hilo ni la haki. Ndiyo sababu kile kidogo kitakachotumika mjini lazima kiwafae wanaotembea kwa miguu, wala si mapambo ya wapitao ndani ya magari.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kuchora ramani yoyote, nendeni mahali penyewe saa 2 usiku. Chukueni daftari na kalamu, hesabuni wapita njia, na waulizeni akina mama ni kona ipi wanayoizunguka kwa hofu. Hapo ndipo mlingoti wa kwanza usimamishwe.