Kabla ya Mashine: Shamba, Sheria na Pamba katika Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza



Tukiulizwa kwa nini Uingereza ilihama kutoka kilimo hadi viwanda, wengi wetu humtaja James Watt na injini yake ya mvuke, aliyoipatia hataza mwaka 1769. Lakini kiwanda cha kusokota pamba alichoanzisha Richard Arkwright kule Cromford mwaka 1771, kilichoigwa na matajiri wengi baadaye, kiliendeshwa kwa nguvu ya maji. Safari ilikwisha kuanza. Mvuke uliidandia njiani. Ilianzia shambani.

Katika karne ya 18, wakulima wa Norfolk na kwingineko waliacha desturi ya kulaza shamba mwaka mzima bila zao. Walipanda ngano, kisha tanipu, kisha shayiri, kisha klova. Tanipu na klova zililisha mifugo majira ya baridi, mifugo ikatoa samadi, na klova yenyewe ikaurudishia udongo rutuba. Mkulima mmoja akaweza kulisha watu wengi zaidi kuliko babu yake. Kufikia mwaka 1800, zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya wafanyakazi wa Uingereza walikuwa katika kilimo. Mji wa viwanda haulimi. Hauwezi kukua pasipo ziada hiyo ya chakula.

Kisha ikaja sheria. Bunge, ambalo wenye ardhi walikuwa na sauti kubwa ndani yake, lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia uzio mashamba ya wazi na malisho ya pamoja, nyingi kati ya 1760 na 1830. Mwenye hati alipewa eneo lake. Maskini aliyechunga ng'ombe mmoja na kuokota kuni kwa mazoea tu, mara nyingi aliondoka mikono mitupu. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba uzio haukuwafukuza watu vijijini, kwa kuwa mashamba mapya nayo yalihitaji vibarua. Hoja hiyo ina uzito, ila haifuti jambo kubwa zaidi: aliyebaki kijijini alibaki kibarua, na watoto wake walikua wakijua kwamba riziki yao ni ujira.

Hata hivyo, watu wasio na ardhi walikuwapo katika nchi nyingi ambazo hazikujenga viwanda. Hapa mwanauchumi Robert Allen ametusaidia sana. Anaeleza kwamba Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na mishahara ya juu kuliko nchi nyingi, huku makaa ya mawe yakiwa rahisi mno. Mfereji wa Bridgewater ulipofika Manchester mwaka 1761, bei ya makaa mjini humo ilishuka sana. Tajiri aliyelipa wasokotaji ghali alikuwa na sababu ya kununua mashine. Mwenzake wa India, alikolipa ujira mdogo, hakuwa nayo. Hesabu ya bei iliamua, wala si akili ya taifa moja kulizidi jingine. Nasisitiza hili kwa sababu bado vitabu vingi vinawafundisha watoto wetu kinyume chake.

Sasa pamba. Haioti Lancashire, eneo la viwanda vya pamba la Uingereza. Kwanza Waingereza walizipenda nguo za pamba zilizotiwa nakshi kutoka India, hadi sheria ya 1721 ikapiga marufuku uuzaji na uvaaji wa nyingi kati ya hizo ili kuwalinda wafumaji wa nyumbani. Ulinzi huo huo ukawapa mafundi wa Lancashire nafasi ya kujifunza kuziiga. Malighafi nayo ilitoka ng'ambo. Kufikia miaka ya 1850, zaidi ya robo tatu ya pamba iliyosokotwa Uingereza ilitoka kusini mwa Marekani, ikiwa imelimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Mwanahistoria Eric Williams aliandika mwaka 1944 kwamba utumwa uliwapa Waingereza mtaji wa viwanda, na Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam, akaipanua hoja mwaka 1972. Ukubwa wa faida hiyo bado unabishaniwa. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipozuia pamba, viwanda vya Lancashire vilifungwa na mamia ya maelfu ya watu wakaishi kwa msaada. Ushahidi huo unanitosha: mtumwa wa Mississippi alikuwa sehemu ya kiwanda cha Manchester sawa na msokotaji wake.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotuambia tununue mashine na mengine yatafuata. Tanzania ilijenga kiwanda cha nguo cha Urafiki mwaka 1968, na hadi leo sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu inauzwa nje bila kufumwa. Njia ya Uingereza, ya kunyang'anya na kutumikisha, hatuwezi wala hatupaswi kuifuata. Nawaomba wenzangu wa kilimo, uchumi, sheria na uhandisi tukae pamoja tuandae mpango mmoja wa pamba, kuanzia mbegu inayopandwa Simiyu hadi kitambaa kinachoshonwa, na haki ya mkulima juu ya ardhi yake iandikwe humo kabla ya bei ya mashine.